Nundu Ndani ya Baga

Baga ninayoipenda inapikwa Tarime mjini, kwenye mgahawa mdogo nyuma ya stendi. Mama mwenye mgahawa husaga nyama mwenyewe, kisha huikaanga mpaka kingo zinakauka. Jumamosi nilikuwa kaunta nasubiri yangu, akaingia kijana mmoja na mzee kutoka Gorong'a, baba wa binti ambaye kijana huyo anataka kumposa. Kijana akaagiza mbili.

Zilipokuja, mzee hakula. Alifunua mkate, akaichungulia nyama kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Mama, hii ni sehemu gani ya ng'ombe?"

"Ni mchanganyiko, mzee wangu. Nasaga pamoja."

"Nundu imo?"

"Imo kidogo."

"Na kidari?"

"Nacho kimo."

Kijana akaanza kutokwa jasho. Ukweni kwake huko kila nyama ina mwenyewe: nundu ni ya mzee, kidari ni cha mama wa binti, na anayekosea kugawa hurudi nyumbani na posa yake.

Mzee akafunika mkate, akala taratibu mpaka akalamba vidole. Kisha akamwambia kijana, "Agiza nyingine, waifunge. Nimekula kidari cha mama mkwe wako, na yule hasahau."

Kijana alikuwa ameshafika kaunta. Nadhani alichosikia ni "mama mkwe wako" tu.

Nami nikamkumbuka mke wangu, ambaye sijawahi kumpelekea hata moja. Kidari chake nimekila miaka mitatu.