Sindano na Bendera Iliyoonekana kwa Mgongo

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na simlaumu mtu. Mimi mwenyewe nisingeyaamini, kama si kwamba huyu Sindano ni mtoto wa dada yangu, na mimi ndiye niliyemfundisha kutia uzi kwenye tundu. Atakana. Msimsikilize. Yuko hapo kwenye cherehani yake, ananisikia nikisoma.

Jina hilo hakupewa kwa ushonaji, alipewa kwa ulimi. Miaka kumi na tisa ameshona bendera ghorofani, juu ya duka la rangi, katika karakana yenye joto la pasi na vumbi la nyuzi. Kiti chake kiko dirishani penye mwanga, na kiti hicho ndicho kilichozua uadui. Msimamizi wa karakana alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, bwana wa mashati ya kubana na roho ya kubana zaidi. Alikuwa ameoa mke mpya, na mke mpya akakipenda kiti cha dirishani. Basi kila siku Sindano akawa anatafutiwa kosa. Pindo limekwenda upande. Uzi mnene. Umechelewa dakika mbili.

"Siku ukikosea bendera moja tu, shemeji, unaondoka."

"Siku hiyo utakuwa umejifunza kuona, shemeji," alimjibu, hata kichwa hakuinua.

Sasa mjue, kushona bendera si kushona shuka. Nchi zimeazimana rangi kama majirani wanavyoazimana sufuria. Ayalandi ni kijani, nyeupe, chungwa. Kodivaa ni chungwa, nyeupe, kijani. Kinachozitenganisha ni ile rangi inayokaa kwenye mlingoti. Ukishona pindo la kamba upande usio wake, umeshawahamisha watu nchi. Indonesia ni nyekundu juu, nyeupe chini. Ipindue, umepata Polandi. Ndiyo maana Sindano huacha fundo dogo la uzi mweusi kwenye kona ya juu ya pindo, ili mpandishaji asipotee.

Ukaja mkutano wa wageni. Bendera kumi na moja. Sindano akashona, shemeji akazibeba kwenda kuzipandisha kwa mkono wake mbele ya ukumbi, maana sifa alizitaka peke yake. Saa nne asubuhi simu ikalia karakanani, shemeji huyo.

"Njoo na kitambulisho chako cha kazi. Utakiacha huku."

Sindano alimkuta kwenye ngazi za ukumbi pamoja na mwandaaji wa mkutano, mama mmoja aliyening'iniza miwani shingoni, mkononi ana karatasi yenye picha za bendera zote.

"Tazama!" shemeji akafoka, wapita njia wakageuka. "Kwenye karatasi, Ayalandi inaanza na kijani. Pale juu, kushoto kuna nini? Chungwa! Umewatundikia wageni bendera ya Kodivaa. Miaka kumi na tisa ya kula bure!"

Sindano akainua macho. Kweli, kushoto chungwa. Siku aliyoishona ile, shemeji alikuwa amemsimamia kichwani akimhesabia dakika. Je, kama pindo lilikwenda siko? Kitambulisho kilikuwa tayari kiganjani, kimelowa jasho. Halafu macho yake yakaufuata ule mlingoti.

"Shemeji, mlingoti uko mkono gani?"

"Usinipotezee muda."

"Uko kulia. Kwenye karatasi uko kushoto. Umesimama mgongoni kwa bendera, unalalamika huioni sura." Akamgeukia yule mama. "Mama, tafadhali, twende ng'ambo ya barabara."

Wakavuka wawili, shemeji akabaki kwenye ngazi. Kutoka ng'ambo, kijani ilikuwa kushoto, imekumbatia mlingoti wake. Mama akavaa miwani, akalinganisha na karatasi, akakohoa.

"Bado sijamaliza," akasema Sindano, sauti ikafika mpaka kwenye ngazi. "Ile ya nne, fundo langu jeusi liko chini. Mimi nilishona Indonesia. Nani ameifanya Polandi?"

Shemeji akajibu kutoka ngazini. "Labda upepo..."

"Upepo umefungua kamba, ukaipindua, ukafunga tena? Una adabu huo upepo kuliko wewe."

Mama akakunja karatasi. "Kuanzia leo bendera zangu atazipandisha aliyezishona. Na mwenye karakana nitampigia mimi mwenyewe."

Wiki hiyohiyo shemeji akahamishiwa stoo ya vitambaa, isiyo na dirisha hata moja. Kiti kikabaki na mwenyewe. Hawasalimiani hadi leo, na hakuna anayeidai hiyo salamu.

Lakini pale barabarani, ndugu zangu, mngemwona shemeji! Alipiga magoti kwenye lami, machozi yanamchuruzika, watu mia tano wanapiga makofi, mabalozi kumi na mmoja wakatoka mbio wakambeba Sindano mabegani, na mimi niko mbele yao nimeshika ile ben—

"Mjomba, acha. Wewe siku hiyo ulikuwa nyumbani unalia na jino. Na aliyepiga makofi ni muuza maji, peke yake."