Wakaniombea kwa Sauti

Karakana yetu ilikuwa Manzese, nyuma ya vibanda vya mitumba: chumba kirefu, cherehani pande zote mbili, na feni moja iliyozunguka ikijisikia. Tulishona sare za shule. Mimi nilikuwa fundi wa kola, na nasema bila haya kwamba kola haishonwi na kila mwenye mikono. Ikipinda kidogo tu, mtoto anaonekana kama amevaa shati la kaka yake.

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kitambaa, tulisimama duara tukaomba. Mwenye karakana, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa amepanga zamu: leo Mkristo anaongoza sala, kesho Mwislamu anaomba dua, na wote tunaitikia amina. Niliipenda desturi hiyo. Mtu alitaja mgonjwa wa kwao, au mtoto anayefanya mtihani, tukamwombea, kisha kila mmoja akaenda kwenye kazi yake.

Halafu nikagundulika na kansa ya titi.

Nilimwambia Mama peke yake, mlango umefungwa, kwa sababu ningehitaji ruhusa za kwenda hospitali kutundikiwa dawa. Nikamwomba libaki kati yetu. Alilia kuliko nilivyolia mimi. Akanishika mikono akasema, "Mdogo wangu, hili limeishia hapa." Siku hiyo nilirudi nyumbani Tabata nimepata nafuu ya moyo, ingawa mwilini hakikuwa kimebadilika kitu.

Kesho yake zamu ya sala ilikuwa yake. Alifumba macho akaanza vizuri tu, kisha akasema, "Bwana, tunamleta kwako dada yetu, fundi wetu wa kola, anasumbuliwa na kansa ya titi."

Titi! Mbele ya wakataji vitambaa, wote wanaume. Mimi sikuwa nimefumba macho, kwa hiyo niliona ya wenzangu yakifumbuka na kuja moja kwa moja kifuani kwangu. Nilijiona nimevuliwa nguo. Wakaitikia amina kwa sauti kubwa, na mimi nikaitikia, maana utaachaje kuitikia dua yako mwenyewe? Nilipomfuata Mama baadaye alinishangaa kweli kweli. "Sasa dada, maombi ya watu wengi si ndiyo yana nguvu?" Hakuwa na ubaya. Ndiyo maana nilishindwa hata kumgombeza.

Baada ya hapo nikahurumiwa mpaka nikakoma. Mchana tulikuwa tunakula wali na maharage kwenye sinia moja. Dada wa cherehani ya pili, ambaye tulicheka naye miaka yote, akaanza kunipakulia kwenye sahani yangu pembeni.

"Kansa haiambukizi," nikamwambia.

"Tunajua, shoga. Ila mgonjwa inabidi ale kwa nafasi."

Kisha cherehani yangu ikapewa msichana mgeni, nami nikapelekwa kukaza vifungo, eti nisichoke. Mashati yalinifikia mikononi na kola zimepinda, nikawa nakaza vifungo huku nasaga meno. Hazikupita siku nyingi Mama akaniita tena. "Nenda kapumzike nyumbani mpaka Mungu atende. Nafasi yako ipo."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilishamwona mwenzetu mmoja aliyepumzishwa kwa ajili ya presha. Alipopata nafuu akakuta nafasi yake ina mtu, na Mama akamwambia pole. Na bima yangu ya matibabu ilitokana na kazi ile. Nikikaa nyumbani, bima inakufa, na dawa za hospitali sina pesa ya kuzilipia. Sitajifanya kwamba nilihuzunika. Nilikasirika.

"Sawa, Mama," nikamwambia. "Lakini kesho zamu ya sala ni yangu. Nitawaombea kwanza, ndipo niondoke."

Hilo hakuweza kunikatalia.

Asubuhi tukasimama duara. Nikasema, "Leo tusiombeane nusu nusu. Kila mtu ataje ugonjwa wake kwa jina, na mahali ulipo mwilini, tumwombee kama mlivyoniombea mie. Tunaanza na nani?"

Feni ikazunguka. Mkataji mmoja akatazama viatu vyake. Mkono wa Mama ukashika mkoba uliokuwa begani. Niliwasubiri, sikuwa na haraka, nilikuwa nimeshafukuzwa.

"Basi, ee Mungu," nikasema, "ya wenzangu unayajua, na yabaki kwako. Mimi nirudishie kola zangu. Amina."

Sikungoja amina yao. Nikatembea mpaka kwenye cherehani yangu, nikamwomba yule msichana anipishe, nikakaa. Nikatunga uzi kwenye sindano. Nilimsikia Mama akija nyuma yangu. Kisha akamwambia msichana, "Wewe njoo kwenye vifungo. Mwache dada ashone."

Hakuniomba radhi, lakini ruhusa za hospitali alinipa, na asubuhi hakumtaja tena mgonjwa wa mle ndani. Mchana ule sahani yangu bado iliwekwa pembeni, nikala peke yangu.

Jioni, wenzetu wakiwa wanafunika mashine, yule dada wa sahani alinifuata uani nilikokuwa nanawa uso. Akatazama mlangoni, akasogea karibu mpaka nikaisikia pumzi yake, akanitajia ugonjwa wake. Anao muda mrefu kuliko mimi. Hata mumewe hajui. Dawa anazimezea chooni.

"Nilivyoona walivyokufanya, shoga, nikaogopa," akasema. Alikuwa analia bila sauti. "Utaniombea?"

"Nitakuombea," nikamwambia. "Kimoyomoyo."