Sketi za Majogoo

Hapa Nyakato hakuna aliyeheshimu kitambaa kama Wilhelmina, na mtu asije kuniambia vingine, maana nimekaa naye ukuta mmoja miaka yote. Kiwanda cha nguo kilipopunguza wafanyakazi, alichukua cherehani ya marehemu mama yake akaanza kushona barazani. Justa, aliyepunguzwa naye, hakuwa na pa kushika. Wilhelmina akamwita, akamfundisha kazi bure.

Yeye alifundishwa na masista, kwa vitabu vya Kiingereza, na maneno yao yalimkaa. "Ukifuata urefu wa kitambaa, hiyo ni lengthwise," alimwambia Justa. "Crosswise unakata kwa upana, kukingama. Kinabaki kitambaa kingi, lakini kitenge chenye picha usithubutu."

Basi kwaya yetu ikanunua vitenge vya majogoo kwa ajili ya Pasaka. Siku hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, vilijaa sokoni. Tukampa Wilhelmina ashone, malaria ikamlaza, akamwachia Justa. Siku ya mazoezi tukavaa sketi. Lo, majogoo wote wamelala ubavu kama wamekufa kideri! Wanaume wa besi walicheka mpaka wakakaa chini.

Mwalimu wa kwaya, Antoni, hakucheka. Akauliza nani kakata hivi, na vitambaa vilivyobaki viko wapi. Wilhelmina, bado anatetemeka kwa homa, akamgeukia Justa aseme.

"Mimi nakata ninavyoelekezwa na dada," Justa akasema, macho makavu. "Hiyo crosswise kanifundisha yeye. Vilivyobaki anavyo yeye."

Uongo mtupu. Mimi mwenyewe nilikuja kuwaona watoto wa ndugu yake Justa kule Pasiansi wamevaa majogoo yetu. Nikasema, nikaambiwa namtetea jirani. Wilhelmina akanyang'anywa kazi ya kwaya, na wateja wengine wakaja kuchukua vitambaa vyao, hata salamu hawakutoa. Iliniuma, tena sana.

Baadaye Justa akaja barazani, akapiga magoti.

"Shikamoo, dada. Nilijua wewe utanisamehe. Wale wasingenisamehe."

Wilhelmina alikuwa anatia uzi kwenye sindano. "Kwa hiyo uliniuza kwa sababu nakupenda," akasema.

Justa akaanza kulia, akarudia shikamoo yake. Nikasubiri nisikie marahaba. Hakuitikia, na mpaka leo hajaitikia.