Kiraka Kilichongoja Shahidi wa Pili

Jina la Viraka alipewa na dada yake mkubwa, na hakupewa kwa mapenzi. Siku hiyo dada alimkuta amekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi, chai imepoa mpaka imefanya utando, akamuuliza ni kazi gani hiyo isiyokwisha. Akajibu kwamba anashona viraka.

"Vya nani?"

"Vya kila mtu."

"Na huyo kila mtu anakulipa?"

"Hapana."

Dada alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyenunua mlango kabla ya kuwa na nyumba. Toka hapo jina la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho, na mtaa mzima ukamwita Viraka. Mama yao peke yake ndiye aliyeendelea kumwita mwanangu.

Kwa riziki alikuwa fundi wa kompyuta, kwenye chumba kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza vioo. Kazi ya moyo ilikuwa nyingine. Upo mfumo endeshi huria, yaani ile programu ya chini kabisa inayoiamsha mashine na kuipangia shughuli zake, ambao hauna mwenyewe. Yeyote anauchukua bure, anaufungua, anauchungulia ndani na kuurekebisha. Unatunzwa na watu waliotawanyika duniani, ambao wengi wao hawajapata kupeana mikono. Wenzake karibu wote walikuwa wamelikimbilia toleo jipya, kwa sababu jipya ndilo lenye sifa na pongezi. Yeye aliachiwa la zamani. Lakini la zamani ndilo lililokuwa likiendesha mashine ambazo hazibadilishwi ovyo, za viwandani, za kupimia maji, za hospitalini. Kiraka, yaani kipande cha programu cha kurekebisha kasoro, hakikuingia humo bila idhini yake.

Alikuwa mgumu kutoa idhini, na ugumu wenyewe ulikuwa na sababu. Kiraka cha usalama hakukiwekea kikwazo chochote: tundu likionekana ambalo mwizi anaweza kupita, aliliziba siku hiyo hiyo. Vya uimara, vile vya kuzuia mashine isizimie au kuganda ikiwa kazini, hivyo aliviwekea kanuni. Lazima watu wawili tofauti wawe wameliona tatizo kwa macho yao. Zamani, alipokuwa mgeni, alimwamini mtu mmoja aliyeapa kwamba ameona kasoro, akakipitisha kiraka chake mbio mbio, na kesho yake mashine nyingi zikagoma kuwaka. Alitukanwa kwa lugha ambazo hata hazijui. Toka hapo akala kiapo, na kusema kweli kiapo chenyewe alikipenda kidogo kupita kiasi. Mtu akimletea habari ya ugonjwa alioushuhudia peke yake, Viraka alimwandikia neno moja kwenye ukurasa wa kasoro, ambao mtu yeyote anaweza kuusoma: Haijathibitika.

Neno hilo alikuwa amemwandikia fundi mmoja wa hospitali ya mbali. Fundi huyo alieleza kwamba mashine ikikaa muda mrefu mno bila kuzimwa, saa yake ya ndani, ile inayohesabu muda tangu iwashwe, hujaa, na kila kitu humo huganda. Ubaya wake, alisema, ni kwamba kioo hakizimiki. Kinaendelea kuonyesha kile kilichokuwepo mara ya mwisho, na anayekitazama hana hili wala lile. Alituma na kiraka cha mistari michache. Viraka aliijaribu kasoro hiyo kwenye mashine yake, akaikosa. Yule fundi akaandika tena, akabembeleza, kisha akanyamaza. Viraka hakukosa usingizi.

Basi mama akaugua tumbo. Akapasuliwa, akatoka salama, akalazwa kwenye kitanda cha dirishani katika wodi ya wanawake, akiwa na waya nyembamba kidoleni na kifuani zilizounganishwa na kifaa kilichotundikwa ukutani. Kifaa kilionyesha namba mbili tu, ya mapigo ya moyo na ya pumzi. Daktari aliwaeleza watoto wake bila kuzunguka. Dawa kali ya maumivu anayopewa mama humtuliza mtu mpaka wakati mwingine pumzi nayo inatulia kupita kiasi. Ndiyo maana amefungwa kifaa hicho. Namba ikishuka kitalia, muuguzi atakuja mbio, na mama atazinduliwa. Wagonjwa ni wengi, wauguzi wachache, kwa hiyo kifaa ndicho mlinzi.

Asubuhi ya siku iliyofuata Viraka aliinama kukitazama kwa karibu, akaona pembeni mwa kioo herufi ndogo za jina la mfumo na toleo lake. Lilikuwa toleo lake. Akavimba kichwa, hakuna haja ya kumfichia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na kitu cha kumwonyesha mama.

"Mama, kifaa hiki nakijua. Kilichomo humu ndani ninakitunza mimi."

"Ile kazi ya bure?"

"Ile ile."

Mama alicheka kwa kujizuia kwa sababu ya mshono. Muuguzi alipopita akamshika mkono. "Muuguzi, unamwona huyu? Ndiye daktari wa hiyo mashine yenu. Msinipe mtu mwingine."

"Basi mama umelala nyumbani kwako," akasema muuguzi huku akibadilisha dripu.

Viraka akamuuliza, kwa mazungumzo tu, kifaa hicho huzimwa lini.

"Hakizimwi, kaka. Mgonjwa akitoka anaingia mwingine. Hata umeme ukikatika kina betri yake. Toka nihamie wodi hii sijawahi kukiona kimezimwa." Aliyasema hayo kwa kukisifu kifaa.

Hapo ndipo yule fundi wa mbali alipomrudia kichwani. Hakumwambia mama kitu. Alishuka ngazi mpaka karakana ya fundi wa vifaa wa hospitali, mtu mnene wa sauti ya chini aliyekuwa akifungua pampu mezani, akamweleza yote: saa inajaa, namba zinaganda, kengele hailii. Kinachotakiwa ni kukizima na kukiwasha tu, ili saa ianze upya.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. "Nikikizima kikagoma kuwaka, mama yako atabaki bila kifaa. Vingine vyote viko kwa wagonjwa. Kifaa kilicho mwilini mwa mtu hatukizimi kwa maneno. Mpaka kasoro iwe imetangazwa, hapo ninayo ruhusa. Imetangazwa?"

"Ipo kwenye ukurasa."

Fundi akajifuta mikono, akafungua ukurasa kwenye kompyuta yake, akasoma taratibu huku midomo ikicheza. "Hapa pameandikwa haijathibitika. Nani huyu aliyeandika?"

"Mimi."

Fundi hakumcheka, na ingekuwa nafuu kama angecheka. "Basi andika vingine, ndugu yangu. Hapa hapa. Andika imethibitika, tupande wote, nikizime mbele yako."

Viraka alikwisha kuitoa simu mfukoni. Kidole kilikuwa juu ya neno. Wewe na mimi tungeandika, tena kwa herufi kubwa. Yeye akaanza kufikiri. Hakuwa ameiona kasoro. Ilikuwa hofu tu, na hofu ya mtoto kwa mama yake si ushahidi. Akiandika imethibitika, kiraka cha mtu asiyemjua kitaingia katika maelfu ya mashine, na pengine nyingine ziko ukutani juu ya vitanda kama hicho. Akayakumbuka matusi ya zamani. Akakumbuka na wale wote aliowanyima idhini kwa kanuni hiyo hiyo.

"Nipe mpaka jioni," alisema. "Naweza kuiharakisha saa kwenye mashine yangu nikaiona mwenyewe. Nikiiona, naandika."

Fundi akairudia pampu yake. "Mgonjwa ni wako."

Alipanda kumuaga mama, akamkuta amelala. Dada alikuwa amefika, amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevua viatu.

"Usimwache peke yake," Viraka akamwambia.

"Nimwache niende wapi? Namwangalia. Na hiyo namba yake naiangalia."

Alitakiwa aseme jambo moja tu: dada, usiiamini namba, mtazame kifua. Lakini dada angeuliza kwa nini, na jibu lingekwenda mpaka kwenye lile neno na aliyeliandika, na dada alikuwa mtu wa kulishika jambo na kukusimanga kwa miaka. Aliona haya. Ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine iliyo kubwa zaidi. Akasema anarudi jioni, akaondoka.

Kwenye chumba chake alifunga mlango, kinyozi upande wa pili akiwa na redio yake. Aliitoa mashine kuukuu, akaiwekea toleo la zamani, akaisukuma saa ya ndani mpaka karibu na kujaa, akangoja. Ikavuka salama. Akarudia, ikavuka tena. Alitaka kufurahi lakini mwili ulikataa. Ndipo alipogundua kosa lake la mwanzo: siku zote aliijaribu mashine ikiwa tupu, haina kitu cha kupima. Akaiunganishia kipima joto kidogo, akakipulizia pumzi ili namba ipande na kushuka, akaisukuma saa tena. Namba ilipanda, ikashuka, ikapanda. Kisha ikasimama. Akapuliza. Akakifunika kipima joto kwa kiganja, akakichovya katika maji ya baridi. Namba haikutikisika, na kioo kiling'aa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Viraka alipiga makofi. Ni aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa: alifurahi kama anavyofurahi fundi yeyote aliyeikamata kasoro iliyomsumbua, akacheka peke yake kwa sauti. Akafungua ukurasa na kuandika imethibitika, akampigia fundi wa hospitali.

"Nimeiona," alisema. "Nimekwisha andika. Panda ukizime."

"Nimelisoma neno lako. Niko kwenye ngazi sasa hivi."

Hakuwa amekifunga vizuri chumba chake dada alipopiga simu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtisha.

"Njoo," dada alisema. "Wanasema mama hayupo. Mimi naona yupo."

Alipofika, pazia lilikuwa limevutwa kuzunguka kitanda cha dirishani. Muuguzi alisimama pembeni, ametazama sakafu. Alikuwa amekuja na dawa ya mchana, akaushika mkono wa mama, akakuta umepoa. Daktari alikwisha kuja na kuondoka. Fundi wa vifaa naye alikuwepo, kofia mkononi, amezuiwa njia. Aliyemzuia ni dada, aliyekiegemea kifaa ukutani kwa mgongo na mikono miwili.

Juu ya bega lake namba zilikuwa zinawaka. Mapigo sabini na mbili. Pumzi kumi na sita.

"Huyu anataka kukizima," dada alisema. "Mwambie asizime. Wewe si unaijua mashine? Mwambie basi. Moyo unapiga, si unaona? Nimeiangalia toka umeondoka, haijashuka hata mara moja. Macho sijaondoa."

"Dada."

"Haijashuka."

"Dada, namba imesimama. Imeganda. Hiyo ni ya asubuhi."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Kasoro yake ninaijua. Kuna mtu aliniandikia, nikamkatalia. Na leo asubuhi nilihisi, nikaenda kwanza kuhakikisha."

Fundi wa vifaa aligeukia dirisha. Dada hakupiga kelele. Alimtazama ndugu yake kwa muda mrefu, kisha akautazama uso wa mama, kama mtu anayelinganisha vitu viwili ili ajue kipi cha kweli.

"Nilikuwa nimekaa hapa," alisema. "Kama ungeniambia, ningemtazama yeye. Ningemtazama mama."

Kiraka cha yule fundi wa mbali kilitoka wiki ile ile, mashine nyingi zikakipokea, na watu wasiomjua wakamwandikia ahsante. Lakini hayo yalikuja baadaye. Wakati huo fundi wa vifaa alipiga hatua kukifikia kifaa, na dada akamsimamisha kwa kiganja.

"Si wewe," alisema. Akajiondoa ukutani. "Kizime mwenyewe, Viraka."

Kitufe cha vifaa vile hakizimi kwa kuguswa. Lazima ukibonyeze na kukishikilia, ili mtu asije akakizima kwa bahati mbaya. Akakishikilia. Sabini na mbili iliendelea kuwaka karibu na kidole chake, nzima, haina wasiwasi wowote, mpaka ilipokatika.