Plagi ya Tatu na Ndama

Mume wangu alinifundisha kukaza plagi za gari kwa sababu ya mikono yake. Ni mikono mipana ya kubebea mikungu ya ndizi, na kwenye pikapu yetu plagi ya nne imejificha nyuma kabisa, mahali ambapo vidole vyake havifiki bila kuchubuka. Vyangu vinafika. Sidai kwamba najua injini. Nimeishia darasa la saba, na kuhusu gari ninajua kitu hicho kimoja tu.

Alinielekeza hivi: anza kwa vidole, spana usiiguse, izungushe mpaka yenyewe ikatae. Ikigoma mapema ujue imeingia upande, itoe uanze upya. Ikishakaa, ndipo uchukue spana, robo mzunguko, basi.

"Hii si lori la baba," alisema. "Kichwa cha injini hii ni alumini, kama sufuria yako. Ukilazimisha, uzi wake, yaani ile mifereji ya ndani, unakatika, na plagi haishiki tena."

Pikapu ilitoka Japani imeshatumika, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari ya namna hiyo yakaanza kuingia. Kichwa kingine cha kubadilisha hatukujua tungekipata wapi karibu kuliko Dar es Salaam.

Baba mkwe wangu alikuwa ameendesha lori la zamani, injini chuma tupu, akibeba majani ya chai mpaka alipostaafu. Sheria yake ya plagi ilikuwa fupi: kaza mpaka ilie. Sitaki kumsema vibaya. Kwa lori lile alikuwa sahihi, wala sijasikia kwamba liliwahi kumlaza njiani.

Asubuhi ninayoikumbuka, mume wangu alikuwa amelazwa Tukuyu. Aliteleza mteremkoni na mkungu begani, mguu ukavunjika. Daktari alisema mfupa umekaa vibaya, apelekwe Mbeya siku hiyohiyo, asicheleweshwe. Mguu ulikuwa umefungwa ubao, haukunjiki, kwenye basi dogo asingeenea. Ilibaki pikapu, na wa kuiendesha alikuwa baba mkwe. Lakini pikapu nayo ilikuwa imesimama mvuani hapo kwetu Kyimo tangu ajali. Ilikuwa inakohoa tu, haiwaki.

Nikatoa plagi zote nne, nikazifuta, nikazipanga juu ya bati karibu na moto wa jikoni zikauke. Nikarudisha ya kwanza na ya pili, nikazikaza. Ya tatu nilikuwa nimeiingiza kwa vidole, spana bado, niliposikia kikohozi cha baba mkwe kwenye njia ya migombani.

Asiye wa kwetu aelewe hapa. Sisi Wanyakyusa, mke wa mtu humwogopa baba mkwe wake. Hasimami mbele yake, hamtazami, hasemi naye, na jina lake halitamki. Kanisani wengine walishaanza kulegeza, na siwalaumu, lakini yeye hakulegeza, na mimi ndivyo nilivyolelewa. Nikaacha spana juu ya bampa, nikakimbilia nyuma ya jiko.

Ukuta wa jiko letu ni wa mianzi. Kwa chini, penye nafasi, niliona buti zake za mpira zikifika mbele ya gari na kusimama. Halafu nikasikia spana ikiingia kwenye plagi ya tatu. Ikazunguka. Robo ikapita. Ikaguna. Kisha buti moja ikarudi nyuma na kujikita kwenye tope, kama mtu anayetafuta nguvu zaidi.

Mama mkwe angeweza kunisemea, lakini alikuwa wodini kwa mwanawe. Watoto walikuwa shuleni. Nilikuwa na ndama tu, amefungwa kamba pale nyuma. Nikawaza, nikinyamaza uzi utakatika na mgonjwa atabaki Tukuyu na mfupa wake umepinda. Tena nikawaza, mimi ni nani? Huenda nimesahau nilichofundishwa. Huenda plagi ikalegea mlimani kwa sababu ya mdomo wangu, na mgonjwa yumo garini.

"Wewe ndama," nikasema kwa sauti, "usivute hivyo. Hapo ni laini, ni alumini kama sufuria. Ukizidi kuvuta patakatika, na mgonjwa hatafika Mbeya."

Spana ikanyamaza. Ndama akanitazama, hakuwa amevuta chochote.

"Ndama," baba mkwe akasema taratibu, sauti kaielekeza upande wa migomba, "umesomea ufundi tangu lini?"

"Mwenye mguu ndiye aliyenifundisha. Alisema ikishakaa, robo, basi."

"Na ikichomoka mlimani, ndama atashuka kuitafuta?"

Nikasema ukweli kwamba sijui, na kwamba naogopa yote mawili.

Manyunyu yalipiga juu ya boneti. Nilidhani amekasirika. Kisha nikasikia spana ikiwekwa chini, si kutupwa.

"Ile ya nyuma mkono wangu haufiki. Aje aimalizie huyo ndama mjuaji. Mimi nakwenda kutazama migomba." Akaongeza kwa lugha yetu, "Ndaga," yaani ahsante, na buti zikaondoka.

Nikatoka. Ya nne niliikaza nilivyofundishwa. Ya tatu nilishika spana juu yake nikashindwa kuamua. Alikuwa amepita robo, hilo nililisikia, lakini kiasi gani? Nikiilegeza nipime uzi, huenda ndiyo nitakuwa nimeumaliza. Nikaiacha.

Injini iliwaka. Mimi nilipanda nyuma chini ya turubai, maana kukaa mbele na baba mkwe haiwezekani. Tukuyu wakamlaza mume wangu kwenye godoro karibu yangu, mama mkwe akaenda mbele. Mume wangu hata watoto hakuwaulizia kwanza.

"Nani kakaza?"

"Mbili za mbele mimi, ya tatu baba, ya nne mimi."

"Baba kakaza mpaka ikalia?"

"Iliguna. Kulia sikusikia."

Akafumba macho, akaweka kiganja kwenye bodi ya gari asikie injini. Nami nikaweka changu. Kupanda kuelekea Ntokela, kila gia ilipobadilishwa nilisubiri mlipuko wa plagi ikiruka. Haikuruka. Mbeya tulifika, mfupa ukanyooshwa.

Alipoanza kutembea kwa magongo aliifungua ya tatu. Uzi ulikuwa mzima, ila washa, ile pete ya shingoni mwa plagi, imelala bapa. Akasema niliiokoa injini. Sijui. Huenda baba mkwe alikuwa amefika mwisho wake mwenyewe wa kukaza, na angeacha hata bila mimi. Hakuna aliyeuona mzunguko ambao haukuzungushwa.

Tangu hapo, baba mkwe akija kwetu akikuta boneti iko wazi, hukohoa kutoka mbali na kugeukia migombani mpaka asikie imefungwa. Siku nyingine huuliza kutoka hukohuko, "Ndama, imekaa?" Ndama mwenyewe tulishamuuza.

Najibu kwamba imekaa. Halafu, kabla sijafunga boneti, narudisha mkono kuigusa plagi tena.