Krenki Iliyolazwa

Lumir Vondra alikuwa na sheria moja gerejini kwake, na aliitangaza kwa ukali kuliko padri: krenki hailazwi. Injini zake zilikuwa za silinda nane zilizopangwa mstari mmoja, si mistari miwili kama za watu wengine, kwa hiyo krenki, lile dude la chuma linalozunguka ndani ya tumbo la injini, lilikuwa refu karibu sawa na mtoto wa miaka sita. Ukiliacha limelala miezi kadhaa, uzito wake wenyewe unalipinda katikati. Jicho halioni kitu, lakini injini itajua. Krenki hutundikwa darini kwa mnyororo, au husimamishwa wima pembeni, basi.

"Anayelaza krenki," alikuwa akisema, "hata kijiko asipewe."

Miaka hamsini aliishi hivyo, na hakuna aliyemlazimisha. Aliporudi kutoka vitani Pasifiki, vijana wote wa jimbo lao la Nebraska, Marekani, walikuwa wanagombania zile injini fupi na nyepesi. Yeye, kwa ubishi tu, akaenda mashambani kuokota ndefu walizozitupa, akiwafukuza kuku waliotagia ndani ya magari mabovu ya Buick ya watu. Alizipachika kwenye fremu za magari ya zamani yaliyovuliwa madoido yote, yakabaki pua ndefu na kiti kimoja. Kila Agosti alikokota moja mpaka Utah, kwenye uwanda wa chumvi, akalikimbiza mpaka likalia. Hakuwahi kuvunja rekodi ya mtu. Mwaka mmoja alivunja pistoni, mwingine alivunja mbavu. Akarudi nyumbani anapiga mluzi, mkewe LaVonne akampokea kwa matusi na supu.

Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na Lumir alikuwa na miaka sabini na miwili. Wakati wa baridi daktari alimwambia, bila kuzungukazunguka, kwamba kule kusahau majina na kuacha gari dukani akarudi kwa miguu hakutapona, kutazidi. LaVonne akataka wauze nyumba wahamie mji wa Lincoln, karibu na binti yao, kwenye zile nyumba ambako wazee huangaliwa. Lumir akamsihi, yeye ambaye hakuwahi kumsihi mtu. "Nipe mpaka Agosti. Nikiiunda hii moja kwa mkono wangu, ikawaka, ikakimbia chumvini, utajua kichwa changu bado kipo. Ikishindikana, nitapanda gari mwenyewe tuende Lincoln, hutasikia neno." LaVonne akakubali. Tangu siku hiyo alikuwa anaiombea injini kanisani, jamani, injini!

Ilipofika Mei, kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa krenki. Alikuwa na moja tu nzuri, aliyoitafuta miaka sita. Akaenda kuichukua kwenye mnyororo wake, akakuta mnyororo mtupu. Krenki ilikuwa rafuni, imefunikwa blanketi la kijani lenye vumbi, ncha hii juu ya gogo, ncha ile juu ya gogo, katikati hewa tupu.

Aliipima kwa kipimo cha mshale, akiizungusha taratibu. Mshale uliotakiwa kutulia ukacheza. Akapima tena. Akafuta miwani, akapima mara ya tatu, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani. Krenki ilikuwa imepinda. Fundi pekee aliyeweza kuinyoosha alikuwa kaburini mjini Hastings tangu mwaka juzi.

Hapo ndipo Ardell Steinke alipoingia. Walikuwa marafiki kwa miaka thelathini na minane, na zaidi ya Lumir ni yeye tu aliyekuwa na ufunguo wa gereji.

"Mzee, nimekuletea mikate ya mdalasini. Miwili nimeshaila njiani, ilikuwa inaniangalia vibaya."

"Nani kailaza hii?"

Ardell akalitazama blanketi. Akamtazama Lumir, muda mrefu. Akaiweka sahani juu ya benchi polepole.

"Nakuuliza wewe! Humu tunaingia wawili tu."

"Ni mimi," Ardell akasema.

"Wewe?"

"Nilikuwa nafagia. Nikaona mnyororo umechoka, nikasema niishushe. Nimekosa, Lumir."

"Miaka thelathini na minane nakufundisha! Hata ng'ombe angekuwa ameshajua!"

"Ng'ombe hana mikono."

"Usinichekeshe, mpumbavu wewe! Umeniua, unajua? Umenipeleka Lincoln! Toka. Toka hapa, na ufunguo wangu uache!"

Ardell akauchomoa ufunguo kwenye pete yake, akauweka kando ya mikate. Akavaa kofia, akatoka bila kujitetea hata kidogo. Lumir alilichukulia hilo kuwa ushahidi.

Mchana alikaa mezani jikoni, hasira haijamtoka. LaVonne alikuwa anapakua maharage ya pilipili.

"Nimemfukuza Ardell. Kailaza krenki yangu, imepinda. Agosti imekwisha."

Mwiko wa LaVonne ukasimama hewani. "Kailaza lini?"

"Nijuaje? Vumbi lile ni la miezi. Oktoba, Novemba huko."

"Oktoba Ardell alikuwa Omaha, kapasuliwa moyo. Amerudi Krismasi. Lumir, tulikwenda kumwona, wewe ndiye uliyemchekesha mpaka nesi akatufukuza."

"Basi nani?"

LaVonne akaketi. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini haya aliyatoa moja moja. "Mimi nilishika ncha moja. Wewe ukashika nyingine. Ulinitoa hapahapa jikoni, mikono yangu ina unga. Ukasema mnyororo unaivuta, tuilaze ipumzike. Nikakuuliza, si huwa hailazwi? Ukanicheka, ukasema, nani kakudanganya hivyo?"

Lumir aliitafuta siku hiyo kichwani. Aliutafuta unga, blanketi, uzito wa chuma mikononi. Hakupata kitu. Aliogopa, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa vitani, maana kule angalau risasi zilitoka upande wa adui. LaVonne alimshika mkono, naye hakuuvuta.

Asubuhi alitembea mitaa mitatu hadi kwa Ardell. Ardell alimfungulia akiwa na kikombe cha kahawa.

"Umekuja kunipiga?"

"Kwa nini ulikubali?"

Ardell akainua mabega. "Nilijua utaninunia wiki mbili, utaniita. Ukinikasirikia mimi, inapita. Ile nyingine, ya kujua kuwa ni wewe mwenyewe, haipiti."

Lumir akalia mlangoni pa mtu, mchana kweupe, na Ardell akamvuta ndani kwa ukosi wa koti, akimwambia aache kuwachekesha majirani. Walipokwisha kunywa kahawa, Lumir akapiga meza kwa kiganja.

"Lete karatasi. Kumimina beringi za krenki hujui."

"Nitajuaje? Hujawahi kuniruhusu hata kusogea."

"Roho mbaya yangu tu. Andika. Nimefanya zaidi ya mara mia mbili, na hakuna mwingine anayejua upande huu wa jimbo. Andika kabla kichwa changu hakijaondoka."

Ardell akaandika. Lumir alisema vizuri, sauti ikiwa na ile amri yake ya zamani. Yeyusha bati, madini laini yatakayokuwa beringi, kwenye chungu cha chuma. Engua uchafu juu. Chuma kitakachomiminiwa kipashe moto kwanza, la sivyo bati halishiki. "Halafu unapima joto, na usiniletee vipimo vya dukani. Unachukua kijiti kikavu cha msonobari, unakichovya."

"Nimechovya."

"Kikiwaka," akasema Lumir.

Bati huwa tayari kijiti kikiwaka moto, au kikigeuka rangi tu? Moja ni tayari, nyingine ni kuharibu kazi yote, na yeye alikuwa amekishika kijiti kile mara zaidi ya mia mbili. Akautazama mkono wake wa kulia. Akauinua, akaushusha, kama anachovya.

"Kikiwaka nini, Lumir?"

Ardell hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. Aliisogeza kalamu mbele kidogo, akaacha nafasi ya maneno mawili matatu, akangoja.