Kitambaa Nilichokitoa Juu ya Gari

Kwa miaka sita, kila siku ya Idi, nikimaliza kusali mjini nilikwenda Makunduchi kwa mama wa rafiki yangu aliyekufa vitani. Nilikwenda na kigari changu cha kazi kilichojaa mitungi ya gesi na vifaa vya kutengenezea viyoyozi, maana tangu niache jeshi hiyo ndiyo riziki yangu. Leo niko Mbweni, kesho Kendwa, popote ambapo mgeni analalamika kuwa chumba chake hakipoi. Mama yule analima mwani. Alinipakulia wali wa nazi na mchuzi wa pweza, akanigombeza nikila kidogo, na mbele ya majirani aliniita mwanangu. Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, na bibi aliyenilea naye amekwenda zake. Katika Unguja nzima ilibaki nyumba ile moja tu ambayo nikichelewa kufika kuna mtu anauliza niko wapi.

Baada ya kula ilifuata dua. Alimwombea mwanawe, akawaombea marehemu wote, kisha sauti ilimbadilika akamwapiza askari aliyeamuru mizinga iliyomuua. Alimwapiza asipate usingizi, asione raha ya watoto wake. Mimi nilikaa ubavuni pake, mikono nimeiinua, nikiitikia amin.

Askari yule hakuwa adui. Jeshi letu lilipelekwa nchi ya mbali na bahari kupigana na waasi, na nchi nyingine ikaleta askari wake wapigane pamoja nasi. Tulikaa kambi moja, uzio mmoja, majiko mawili. Sisi tuliwaita wenzetu, na kwa muda mrefu neno hilo lilikuwa la kweli. Rafiki yangu aliposhikwa na malaria kali, sajenti mmoja wa wenzetu alimbeba mgongoni kwenye tope mpaka kwa daktari wao. Tangu siku hiyo sajenti akawa haondoki jikoni kwetu. Tulimfundisha Kiswahili, tukamfundisha kula chapati kwa mkono, na rafiki yangu akamtania kuwa akimaliza vita atamwozesha Makunduchi akavune mwani.

Kazi ya sajenti ilikuwa kukaa juu ya kilima na darubini, akiwaelekeza wapiga mizinga wao walenge wapi. Tatizo ni kwamba waasi walikuwa wameteka magari ya deraya yanayofanana na yetu. Kwa hiyo majeshi mawili yakakubaliana kuwa kila gari letu lifungwe juu yake kitambaa kikubwa cha rangi ya chungwa. Gari lenye kitambaa ni letu, lisilo nacho ni la adui na linapigwa. Hayakuwa makubaliano ya kuumiza kichwa.

Asubuhi moja tulivamiwa barabarani. Gari letu lilikuwa la mwisho, na mashambulizi yakatutenga na magari yetu ya mbele. Dereva wetu aliuawa. Waasi waliporudi nyuma, nilimkuta kando ya barabara, nguo zimechanika zote, mwili uko wazi kuanzia kifuani mpaka magotini. Bibi aliyenilea alikuwa muosha maiti. Nimekulia mlangoni mwa watu waliofiwa, na kabla sijajua kusoma nilijua kuwa mtu akikata roho anafumbwa macho na anafunikwa, hata kama huna ila nguo uliyovaa. Sikufikiri. Nilipanda juu ya gari, nikafungua kamba, nikashuka na kitambaa.

Rafiki yangu alikuwa ndani, anahangaika na redio iliyokwisha kufa. Akatoa kichwa. “We! Wenzetu watatujuaje?”

“Nnakirudisha sasa hivi,” nikamwambia. “Namstiri tu huyu, tumbebe.”

Nilikuwa nimepiga magoti mtaroni kando ya barabara, namviringisha marehemu, kombora la kwanza lilipoanguka. La pili liliingia garini. Rafiki yangu alikufa humo, na mimi nilipona kwa kuwa nilikuwa chini, kando ya maiti. Nilipopata fahamu nilijua mara moja makombora yale yameelekezwa kutoka kilima gani.

Siku chache baadaye tuliitwa kwenye hema. Maofisa wa majeshi mawili walikaa meza moja, wetu kulia, wao kushoto, na hawakuwa wakitazamana. Sajenti alieleza kuwa alitazama kwa darubini mara mbili na hakuona kitambaa. Aliita kwenye redio yetu, haikujibu. Kisha nikaulizwa mimi, shahidi pekee aliyekuwa hai, kama kitambaa kilikuwepo juu ya gari. Nikasema kilikuwepo.

Najua watu husema kuwa uongo wa namna ile humtoka mtu kwa hofu. Wangu haukunitoka. Nilikaa nao usiku mzima, nikauchagua. Gari lilikuwa limeungua, na kitambaa kilikwenda kaburini na dereva kikiwa kimejaa damu, hakuna aliyekitilia maanani. Sajenti alinitazama nikisema. Hakupiga kelele, hakuniita mwongo. Aliinamisha kichwa. Wakamrudisha kwao na baadaye wakamfukuza jeshini.

Kilichofuata kambini kilikuwa kibaya kuliko kufukuzwa kwake. Hakuna askari wetu aliyekuwa tayari tena kutembea chini ya mizinga ya wenzetu. Tukiambiwa twende bonde fulani, wao watatulinda kutoka juu, watu walicheka kicheko kibaya. Nao walituona sisi watu wa kusingizia. Majiko yakahamishwa, moja huku, moja kule. Doria mbili zetu zilikwenda bila kuwaarifu, na ya pili ilirudi na maiti watatu ambao mizinga ile ingeweza kuwaokoa. Hao sikuwaua mimi kwa mkono, lakini nikihesabu usiku nao nawahesabu.

Mwaka huu, kabla ya Idi kubwa, sajenti alinipigia simu. Sijui namba aliipata wapi. Alisema anakuja Unguja, anataka kumwona mama wa rafiki yetu. Nilimwambia mama ni mgonjwa. Akasema basi atamwombea dua palepale kitandani. Nilimwambia njia ni mbaya, akacheka, akaniuliza nimesahau njia tulizopita kule. Nikaona nikikataa atakwenda mwenyewe, na akienda mwenyewe atasema anachotaka mimi nikiwa sipo. Bora niwepo. Nakiri hiyo ndiyo sababu niliyompeleka, si ukarimu.

Nilimpokea bandarini Malindi, mjini Unguja. Amekonda, nywele zimeingia mvi, amevaa koti kubwa kwenye joto lile. Alinikumbatia. Njia nzima kwenda kusini nilingoja aseme. Tunguu tumepita, Jozani tumepita, yeye anauliza habari za kima na kama viyoyozi vinalipa. Tulipofika Kitogani nilikuwa nimelowa jasho kuliko yeye mwenye koti. Nilitaka kumwambia, ndugu yangu, tafadhali, usiniangushe pale, sina kwingine. Nilichoka na woga wangu mwenyewe, lakini niliendelea kuendesha tu.

Mama alikuwa mzima wa afya, anasuka ukili wa mkeka barazani. Sajenti akamtazama, kisha akanitazama mimi.

“Shikamoo, mama,” akamwambia.

“Marahaba. Karibu, baba. Ndo nani huyu?” Akaniuliza mimi.

Sajenti akavua viatu, akakaa chini mkekani, akasema kwa Kiswahili chetu cha kambini: “Mama, mimi ndiye nilisema wapige. Niliona gari, nikasema piga. Mwanao alikuwa rafiki yangu. Nimekuja kuomba msamaha.”

Akaishia hapo. Nilingoja aendelee. Nilingoja neno kitambaa. Hakuendelea. Alikuwa amekuja kutoka kwao mbali kuubeba mzigo wote mwenyewe, na mimi nikiwa nimekaa pembeni kama mwenye nyumba.

Mama aliweka ukili chini. “Umevuka bahari yote hii kuja kunambia hivo?”

“Ndiyo, mama.”

“Una watoto?”

“Nilikuwa nao wawili. Mmoja alifariki mwaka juzi. Homa.”

Sijapata kuuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili, mikono iliyopasuka kwa maji ya chumvi. “Mimi,” akasema. “Mimi nimekuapiza, mwanangu. Kila Idi. Nimeapiza mpaka wanao. Nisamehe. Nisamehe mie.” Akainama kumshika miguu, sajenti akamzuia, wote wawili wakawa wanalia, huyu anamwomba huyu, huyu anamwomba huyu. Mama alikuwa anamwomba radhi mtu asiye na kosa.

Hapo nikasema. Ningependa kudai kuwa ulikuwa ushujaa, lakini nilisema kama mtu anayetapika. Nilieleza dereva, nikaeleza kitambaa, nikaeleza mwanawe alivyotoa kichwa na aliyoniambia. Nikaeleza hema.

Mama alifuta uso kwa ncha ya kanga. Alikuwa halii tena.

“Huyo uliyemfunika,” akauliza, “alikuwa keshakufa?”

“Keshakufa.”

“Na mwanangu yuhai.”

“Yuhai.”

“Na kakwambia.”

“Kanambia.”

“Hilo la kumstiri maiti ningekusamehe,” akasema. “Hilo ningekufa nnakutetea mimi mwenyewe. Lakini ulikuwa ukikaa hapa. Hapa hapa. Mie naapiza, wewe waitikia amin.”

Sajenti akaingilia. “Mama, aliyesema piga ni mimi. Si yeye.”

“Wewe nshakusamehe, baba. Kula chakula.” Akaingia ndani, akatoka na sahani moja.

Sajenti hakuweza kula. Njiani kurudi mjini nilimfokea, ndiyo, mimi nilimfokea yeye. Nilimuuliza kwa nini hakunisema kule kwenye hema, kwa nini hakunisema leo, alitaka nini. Akasema kuwa kwenye hema alikuwa akingoja niseme mwenyewe. Aliniamini mpaka neno la mwisho lilipotoka. Leo hakuja kwa ajili yangu, alikuja kwa mama. Kesho yake akapanda boti akaondoka, na mama, nasikia, humpigia simu kila Ijumaa.

Idi ilipofika nilikwenda kama kawaida, sikujua kwenda pengine. Nilisimamisha gari mbali kidogo, nikatembea. Nilimsikia ndani akiongea na majirani kwa Kimakunduchi, akicheka. Nilibisha hodi, nikatoa salamu. Kicheko kikakatika. Alinijibu salamu yote, neno kwa neno, kwa kuwa salamu ya Mwislamu ni faradhi kuijibu. Kisha nikasikia komeo likisukumwa kufunga mlango.